Safura, Kutu na Vidonge vya FEFO

Kila aliyesoma shule ya msingi enzi zetu amewahi kukariri minyoo ya safura. Tuliichora kwenye daftari, tukaambiwa inaingilia nyayoni, tukaambiwa tuvae viatu, mtihani ukaja, ukapita. Tusichoambiwa ni kwamba safura ni jina la ugonjwa wenyewe, mnyoo umeazima tu. Neno limetoka kwenye Kiarabu, shina moja na neno la rangi ya manjano, na lilimtaja mtu aliyepauka, aliyevimba miguu, anayehema kwa hatua kumi. Wazungu nao walikuwa na neno lao, klorosisi, la Kigiriki, lenye maana ya rangi ya kijani iliyochujuka. Lugha mbili zisizosalimiana zilimtazama mgonjwa yule yule usoni zikataja rangi. Hakuna iliyotaja damu. Wala chuma.

Habari hii naifuatilia kwa sababu nimezaliwa Shinyanga, na nina ndugu hadi Katoro na Nyarugusu, kule kwenye ukanda wa dhahabu wa Geita. Swali ninaloulizwa sana na ndugu hao ni moja: "Hivi kati ya hizi dawa za kuongeza damu, ipi ndiyo yenyewe?" Mimi si daktari, ni msomaji wa historia. Lakini historia ya dawa hii inalo jibu, na jibu lake halifanani na lile la kwenye rafu ya duka la dawa.

Tuanze na nchi yenyewe, maana ina kichekesho chake. Kabla Geita haijajulikana kwa dhahabu, ukanda huu ulijulikana kwa chuma. Katika Buzinza waliishi Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma, ambao tanuri zao zimeandikwa na wanaakiolojia kama Peter Schmidt. Majembe yao yalivuka kwenda Usukuma na Unyamwezi, yakalimia mashamba, yakabadilishwa kwa mifugo, yakatolewa mahari. Hata ule wekundu wa udongo unaoshika viatu ukishuka kwenye basi ni chuma kilichoota kutu. Halafu njoo kwenye damu za watu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa upande wa watoto, Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi.

Si upungufu wote wa damu unatokana na kukosa chuma. Kanda ya Ziwa ina malaria, ina kichocho, ina seli mundu kwa wingi. Hilo tuliweke akilini, tutalihitaji mbele. Lakini chuma ndicho kisa kikubwa, na swali linabaki: vipi mtu akae juu ya chuma na akikose mwilini? Jibu fupi ni kwamba chuma cha kutu hakifyonzwi kirahisi na utumbo. Mwili unataka chuma kilichoyeyuka, kile ambacho wanakemia wanakiita feras. Jiwe jekundu halikupi, na mchicha wenyewe hukupa kwa ubahili. Nyama na samaki, dagaa wakiwemo, ndio wakarimu zaidi.

Ulaya walichukua karne nyingi kulijua hili. Mwaka 1554 daktari Mjerumani Johannes Lange aliandika barua kuhusu binti aliyepauka, anayehema akicheza au akipanda ngazi, anayechukia nyama. Akauita ugonjwa wa mabikira, na dawa aliyopendekeza ni binti aolewe. Usicheke haraka, msomaji. Hata kwetu binti akipauka, swali la kwanza la majirani si "amekula nini?" bali "ana mimba ya nani?"

Karne iliyofuata, Thomas Sydenham wa London aliwapa wagonjwa kama hao vumbi la chuma lililolowekwa kwenye mvinyo. Hakuwa na kipimo chochote cha damu. Chuma kilikuwa madini ya nguvu na vita, na mgonjwa alikosa nguvu, basi apewe chuma. Fikra ilikuwa ya kishirikina, lakini wagonjwa walipata nafuu. Mwaka 1746 Mtaliano Menghini alikausha damu, akaisaga, akaipitishia sumaku, chembe zikavutwa. Hapo ndipo ikaonekana wazi kwamba chuma kimo ndani ya damu yenyewe. Kisha mwaka 1832 daktari Mfaransa Pierre Blaud akachapisha dawa yake: vidonge vya feras salfeti iliyochanganywa na kaboneti ya potasiamu. Ilikuwa rahisi kutengeneza, ilikuwa na chuma cha kutosha, na mabinti waliopauka walirudi rangi ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo mwaka 1832 dawa ilikuwa imeshapatikana. Feras salfeti ya Blaud ni ndugu wa damu wa kidonge kinachogawiwa leo zahanati ya Maganzo au Nyang'hwale. Ungetarajia hadithi iishie hapo.

Haikuishia. Mwishoni mwa karne ile, mwanasayansi Gustav von Bunge wa Basel alishikilia kwamba chuma cha dukani, cha madini, mwili hauwezi kukitumia. Kinachofaa, alisema, ni chuma cha asili kilichomo kwenye chakula. Maneno ya profesa yakawa mtaji. Mwaka 1890 kule Zürich daktari Adolf Hommel akaanza kuuza Haematogen, dawa ya maji iliyotengenezwa kwa damu ya ng'ombe, na ikapata wateja tele. Kidonge cha Blaud, cha bei ya chini, kikaanza kuonekana dawa ya kizamani. Ikabidi mwaka 1893 Mskoti Ralph Stockman awachome sindano za chuma chini ya ngozi wanawake wenye klorosisi, na wengine awape chuma cha madini ndani ya kapsuli, aonyeshe kwamba damu inapanda vile vile. Na mwaka 1932, kule Boston, Heath, Strauss na Castle wakapima: kiasi cha chuma walichomchoma mgonjwa kililingana na kiasi cha wekundu wa damu kilichoongezeka. Chuma cha bei rahisi kilikuwa kinageuka damu, bila siri yoyote.

Nimekaa sana kwa Hommel kwa sababu namwona kila nikiingia duka la dawa mjini Geita. Sharubati nyeusi, chupa ya kahawia, boksi lenye matone mekundu, neno "asilia" limeandikwa kwa herufi kubwa. Bei yake inamla mponda mawe malipo ya siku kadhaa. Pembeni, kwenye kopo la plastiki, kuna vidonge vya salfeti ambavyo muuzaji havitaji mpaka umuulize.

Historia ya pili inahusu migodi, na hii Geita inaihusu moja kwa moja. Kati ya 1872 na 1882 watu walitoboa njia ya reli chini ya mlima Gotthard, Uswisi. Wafanyakazi, wengi wao Waitaliano, wakaanza kupauka na kufa. Mwaka 1880 Edoardo Perroncito wa Torino akawakuta na minyoo ya safura. Chini kulikuwa na joto, unyevu, na hakuna choo. Mnyoo hautaki zaidi ya hapo. Mwaka 1902 mambo yale yale yakaonekana Cornwall, Uingereza, kwenye mgodi wa Dolcoath, ambako John Scott Haldane na mwenzake Boycott walithibitisha kwamba ule "upungufu wa damu wa wachimbaji" ulikuwa safura tupu. Na ni Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliyemwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya mnyoo huo, akawashwa, na baadaye akajikuta ameambukizwa. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba unaingilia kwenye ngozi, na hivyo ndivyo lile somo la viatu lilivyofika darasani kwetu.

Tufanye hesabu kidogo. Mnyoo mmoja wa aina kubwa ya safura, Ancylostoma, hunyonya kama mililita 0.15 hadi 0.2 za damu kwa siku. Ile aina nyingine, Necator, hunyonya kama 0.03. Mtu mwenye Ancylostoma mia moja anapoteza kila siku mililita 15 au zaidi, yaani kijiko kikubwa cha chakula. Damu nzima ina takriban nusu miligramu ya chuma kwa kila mililita. Sehemu hurudi kupitia utumbo, kweli, lakini mwili wa kawaida hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula chote. Hapo hata ukimpa kidonge cha dhahabu, unajaza ndoo iliyotoboka. Mtu anayeshuka kwenye duara asubuhi na kandambili, au mwanamke anayechenjua mwaloni miguu ikiwa kwenye tope kutwa, kabla ya kuchagua dawa ya damu anahitaji dawa ya minyoo, na kabla ya hiyo, choo. Mjamzito naye hupewa dawa ya minyoo, ila baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Tope linanipeleka kwenye pemba. Wasomaji wa mbali wajue: pemba hii si kisiwa, ni vipande vya udongo uliokaushwa vinavyouzwa sokoni na kwenye vioski, na wateja wake wakubwa ni wajawazito. Hamu ya kula udongo imejulikana kwa muda mrefu kuandamana na upungufu wa chuma. Mwaka 2014 mtafiti Elias Nyanza na wenzake walichapisha utafiti wa wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo Geita. Karibu nusu yao walikuwa wanakula udongo, wengi kwa kununua dukani, na udongo wenyewe ulikuwa na madini ya hatari, aseniki ikiwemo. Na udongo wa mfinyanzi tumboni unaweza kukikamata kile chuma kidogo kilichokuja na chakula. Mwili unalia njaa ya chuma, na mkono unaupa kitu kinachoizidisha.

Mama mdogo wangu alikuwa mla pemba. Alikuwa anauza dagaa Katoro, na mimba yake ya nne ilimkuta damu iko chini. Akapewa FEFO kliniki, bure kama inavyotakiwa. FEFO ni fe ya feras na fo ya foliki, na kila mwanamke aliyewahi kubeba kadi ya kliniki nchini anaijua. Akavimeza kwa siku sita. Siku ya saba akavifunga kwenye pindo la kanga na havikufunguliwa tena. Nilipomuuliza, miaka mingi baadaye, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, walinipa dawa ya kuongeza damu. Nikienda chooni naona nyeusi tii kama mkaa. Nikajua damu yangu inaungua. Sasa nimeze tena?"

Kinyesi cheusi ni chuma kilichobaki bila kufyonzwa. Hakina madhara. Maelezo yake yanachukua nusu dakika, na katika zahanati ile, foleni ikiwa imefika barabarani, nusu dakika haikupatikana. Alipojifungua alitokwa na damu nyingi, akakimbizwa hospitali, na wajomba wawili wakatoa damu usiku ule. Alipona. Mwanamke mwenye damu ya kutosha anaweza kuvumilia kupoteza kiasi ambacho aliyepungukiwa hakivumilii. Hiyo ndiyo maana ya vidonge vile, na hakuna aliyemwambia.

Sasa nimpe haki yake mtu anayesema, "Basi, tumpe kila mtu chuma, yaishe." Jaribio hilo limefanyika, na limefanyika kwetu, katika ile Pemba ya bahari. Watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi wakapewa chuma na foliki kila siku, wengine dawa isiyo na kitu. Agosti 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa. Matokeo, yaliyochapishwa na Sazawal na wenzake mwaka 2006, yalionyesha kwamba waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria kali. Lakini kulikuwa na jambo la ndani: katika kundi dogo lililopimwa damu kwanza, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Dawa ile ile ilimsaidia mwenye upungufu, na ilikuwa hatari kwa asiyeuhitaji.

Tangu hapo mashauri yakabadilika dunia nzima: palipo na malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Kwa wajawazito habari ni njema zaidi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 1,500 ambao hawakuwa na upungufu, na kuchapishwa 2015, haukukuta kwamba miligramu 60 za chuma kwa siku zinaongeza malaria kwenye kondo la nyuma. Kwa Geita, ambayo ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, tafsiri yake ni rahisi: chandarua na kidonge vitembee pamoja.

Sababu ya haya yote ilianza kueleweka mwaka 2000 na 2001, ilipogunduliwa homoni ya ini iitwayo hepsidini. Hii ni kama mlinzi wa geti. Chuma kikiwa kingi, au mwili ukipigana na maambukizi kama malaria, hepsidini inapanda na utumbo unafunga mlango. Ndiyo maana kidonge unachokimeza ukiwa na homa hakikusaidii sana. Ndiyo maana pia dozi kubwa ya leo inafungia mlango dozi ya kesho. Watafiti wa Zürich, mji ule ule wa Hommel, walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake wenye akiba ndogo ya chuma waliomeza siku moja na kuruka moja walifyonza asilimia 21.8 ya dawa, na waliomeza kila siku asilimia 16.3. Wanawake hao hawakuwa wajawazito. Kwa mjamzito ushauri wa Shirika la Afya Duniani bado ni kila siku, miligramu 30 hadi 60, na asibadilishe bila kuongea na kliniki yake.

Basi, turudi dukani, maana ndugu zangu bado wanasubiri jibu.

Usisome namba kubwa ya mbele ya boksi. Tafuta kiasi cha chuma chenyewe. Miligramu 60 za chuma hupatikana kwenye miligramu 300 za feras salfeti ya kawaida, au 180 za feras fyumareti, au 500 za feras glukoneti. Kwa hiyo glukoneti ya 300 ina chuma kidogo kuliko fyumareti ya 200, ingawa namba yake inatisha zaidi. Kidonge cha salfeti kavu cha 200 kina kama 65, na hicho kinatosha. Vile vya kupakwa ili viyeyuke polepole mara nyingi hupita sehemu ya juu ya utumbo, ambako chuma hufyonzwa, vikiwa bado havijafunguka. Na zile aina mpya za bei, ambazo chuma kimefungwa ndani ya sukari? Mwaka 2017 kule Dallas, Marekani, watoto 80 walijaribiwa aina moja ya namna hiyo dhidi ya salfeti kwa wiki 12. Salfeti ilipandisha damu zaidi. Blaud angetabasamu.

Ila naelewa pia kwa nini mtu ananunua sharubati. Salfeti inachafua roho, inafunga choo au inakiharibu. Dawa bora iliyofungwa kwenye pindo la kanga ni mbaya kuliko dawa ya wastani iliyomezwa. Kama inakushinda, punguza dozi au uliza kuhusu kuruka siku, au badili chumvi, kabla hujaacha kabisa. Meza mbali na chai na maziwa, angalau saa moja. Kwa Msukuma hilo la maziwa ni kafara, najua. Damu ikipanda usiache siku hiyo hiyo, endelea kama miezi mitatu ili akiba ijae. Isipopanda ndani ya mwezi, usiongeze chupa ya pili, rudi ukapimwe: minyoo, kichocho, malaria, seli mundu. Na vidonge viwekwe juu, mbali na watoto, kwa sababu vichache tu vinaweza kumuua mtoto anayedhani ni pipi.

Tangu Blaud ni karibu miaka 200. Katika muda huo chuma cha bei rahisi kimebishiwa na profesa, kimeshindanishwa na damu ya ng'ombe, kimesimamishwa Pemba, kimepimwa upya Zürich, na bado ndicho kinachogawiwa bure asubuhi ya leo. Kilichobaki ni kumwambia anayekimeza kwamba kitatoka cheusi, na kwamba damu yake haiungui.